Kuvuka Kitulo kwa baiskeli wakati wa kipupwe: tuanzie Isyonje au Chimala?

Mwalimu_Ipogolo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa. Likizo ya Juni itakapofika, mimi na mwalimu mwenzangu tunakusudia kuvuka uwanda wa Kitulo kwa baiskeli. Mpango wetu ni kupanda basi hadi Mbeya, kulala Uyole, na asubuhi kushika barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, ambako tutaiacha lami na kuingia kushoto kupitia Kikondo mpaka uwandani. Tungependa kulala Matamba, na siku inayofuata kuteremka zile kona zinazoitwa Hamsini na Saba hadi Chimala, ambako tutadaka basi la kurudi nyumbani.

Tunafahamu kwamba maua yaliyoipatia Kitulo jina la Bustani ya Mungu huchanua wakati wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na kwamba mwezi wa Juni tutakuta nyasi zilizokauka. Hata hivyo kalenda ya shule ndiyo inayotuamulia, na isitoshe njia ya udongo wakati wa masika si ya kupita na mizigo.

Baiskeli zetu ni za mtumba, zile za milimani zenye gia 21, na breki zake ni za raba zinazobana rimu. Mpando wa Ipogolo kuingia mjini tunaupanda bila kushuka, kwa hiyo miguu si dhaifu. Naomba kujua mambo yafuatayo: je, kutoka Uyole hadi Matamba kwa siku moja kunawezekana kwa mtu mwenye mizigo? Breki hizi zitafaa kwa mteremko wa Chimala? Na mwisho, je, baridi ya huko ni ya kuhitaji maandalizi maalumu, au sweta na koti la mvua vinatosha kwa watu waliozoea kipupwe cha Iringa?

Mpanda_Uporoto amejibu:

Marahaba mwalimu, na karibuni sana. Nitaanza na baridi, kwa sababu umeiweka mwisho katika maswali yako ilhali ndiyo iliyostahili kuwa ya kwanza.

Mji wa Iringa uko kwenye kimo cha meta 1,500 na zaidi kidogo. Uwanda wa Kitulo uko meta 2,600 na kuendelea, na vilele vinavyouzunguka, kama Mtorwi, vinapita meta 2,900. Kwa kanuni ya kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda meta 1,000, kwa hiyo baridi uliyoizoea hapo kwenu lazima uitoe nyuzi hizo, kisha uongeze upepo, maana kule juu hakuna miti ya kuuzuia. Usiku wa Juni na Julai, anga likiwa jeupe, sakitu hutanda juu ya nyasi mabondeni, na asubuhi maji yaliyoachwa nje kwenye beseni huwa yameshika utando wa barafu.

Lakini jambo ninalotaka mlishike kuliko yote ni hili: baridi haimpati mwendesha baiskeli anapopanda, humpata anaposhuka. Unapopanda, mwili unafanya kazi nzito na kujipasha wenyewe, na hata kwenye ukungu utajikuta unataka kuvua koti. Hapo ndipo watu hulowa jasho bila kujali, kwa sababu hawasikii ubaridi wowote. Wakifika juu wanasimama, wanapiga picha, wanakula, halafu wanaanza mteremko wakiwa na shati lililolowa mgongoni. Miguu imeacha kunyonga, kwa hiyo mwili hautengenezi tena joto la kutosha, na upepo wa mwendo unapiga kifuani moja kwa moja. Katika hewa ya nyuzi 5, ukishuka kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba hewa iko nyuzi sifuri. Nimewaona vijana wenye nguvu kabisa wakifika Igawilo wakiwa hawawezi kuukunjua mkono kutoka kwenye usukani.

Kwa hiyo, pandeni mkiwa na nguo chache kiasi cha kusikia ubaridi kidogo mnapoanza, na mfungue zipu mapema, kabla jasho halijatoka. Shati la ndani lisiwe la pamba, kwa maana pamba hunywa maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Jezi ya mpira ya kawaida inafaa zaidi, kwa kuwa poliesta hukauka upesi hata ikiwa mwilini. Juu yake sweta la sufu, ambalo hata likilowa kidogo huendelea kuhifadhi joto. Yale ya mtumba ya Mwanjelwa ni mazuri sana mkichagua kwa kusoma lebo ya ndani. Kisha koti la kuzuia upepo.

Mkifika mahali pa juu kabisa, kabla ya kula na kabla ya picha, tafuteni kizuizi cha upepo, vueni jezi iliyolowa na kuvaa kavu. Ni kazi ya dakika tatu, na wengi huikwepa kwa sababu kuvua nguo kwenye baridi hakupendezi. Vaeni glavu wakati vidole bado vina joto, wala msingoje mpaka vife ganzi. Gazeti likikunjwa na kuwekwa kifuani chini ya koti huzuia upepo vizuri mno. Nguo kavu mzibebe ndani ya mfuko wa mbolea ulio na nailoni ndani, uoshwe vizuri na kufungwa mdomo, kwa sababu nguo kavu iliyolowa ndani ya begi haina msaada kwa mtu yeyote.

Kuhusu siku moja kutoka Uyole hadi Matamba, inawezekana kwa mwenye miguu, lakini siipendi. Mwezi wa Juni huku jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Barabara ya udongo itawalia muda mwingi kuliko mnavyokadiria, na mkichelewa, mtajikuta mko sehemu ya juu na ya wazi zaidi saa ile ile jua linapoondoka.

Fundi_Mwanjelwa amejibu:

Mwalimu, mimi nitajibu la breki tu, kwa sababu hayo mengine mkuu hapo juu ameyamaliza.

Breki za raba zinafaa, ila si hizo raba zilizokuja na baiskeli ya mtumba. Raba iliyokaa miaka mingi huwa imekauka na kung'aa kama kioo. Ibonyeze kwa ukucha: ikikataa kabisa kubonyea, itupe. Nunua raba mpya jozi nne kwa ajili ya baiskeli mbili, na jozi nyingine mbili za akiba, maana mchanga na vumbi la changarawe hula raba kwa namna ambayo mtu wa lami hawezi kuamini. Kila mnapopumzika, mtoe kwa ncha ya kisu vipande vya mawe na chembe za bati vilivyojikita kwenye raba, kwani hivyo ndivyo vinavyokwangua rimu. Tazama pia rimu yenyewe: ukipitisha kidole ukasikia imeingia ndani kama kijisahani, imekwisha, na rimu iliyokwisha inaweza kupasuka ukiwa kwenye kasi.

Ukibana breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, rimu hupata moto. Joto hilo huingia kwenye tyubu, hewa hutanuka, na kiraka kilichobandikwa kwa solosheni kinaweza kuachia. Kwa hiyo usiburuze breki muda wote. Bana kwa nguvu kabla ya kona mpaka mwendo upungue sana, achia, upepo upooze rimu, kisha bana tena. Tumia zote mbili, ya mbele na ya nyuma, na ukiwa kwenye kokoto usiibane ya mbele wakati usukani umekunjwa. Kwenye kona hamsini na saba mnaweza kusimama mara nyingi mnavyotaka, hakuna anayewafukuza. Gusa rimu kwa haraka na mgongo wa kidole. Ikikuunguza, kaa chini utazame bonde la Usangu mpaka ipoe.

Waya za breki zibadilishwe zote kabla ya kuondoka na zitiwe mafuta kidogo ndani ya mpira wake. Waya mkavu ni mgumu, na vidole vyenye ganzi havina nguvu ya kuuvuta. Hapo ndipo baridi na breki vinapokutana.

Jambo la mwisho ni gia. Baiskeli nyingi za gia 21 zina meno 28 mbele kwenye duara dogo na meno 28 nyuma kwenye duara kubwa. Ukiwa na mzigo kwenye changarawe, hiyo bado ni nzito. Mwombe fundi wako akufungie friwili yenye meno 34 nyuma. Mnyororo huenda ukahitaji kuongezwa pingili, na hakikisha mkono wa gia wa nyuma unaweza kulifikia duara hilo. Gia nyepesi itakusaidia pia kwa lile la jasho, kwa kuwa utapanda polepole bila kujikamua.

Muuguzi_Makete amejibu:

Mwalimu, nakusalimu. Ninafanya kazi ya uuguzi wilaya ya Makete, na ningependa kuongeza mambo ambayo wageni wa huku hawaambiwi mapema.

Joto la mwili la kawaida ni karibu nyuzi 37. Likishuka chini ya nyuzi 35, mtu ameingia katika hali ya hatari, na hali hiyo haihitaji barafu wala theluji. Nguo zilizolowa, upepo na uchovu vinatosha hata kwenye nyuzi 8 au 10. Kwa kuwa mtakuwa wawili, kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake, maana anayepoa mwenyewe hatambui. Dalili ya kwanza ni kutetemeka kusikozuilika. Inafuatia mikono kukosa ustadi: anashindwa kufunga zipu au kufungua kifuniko cha chupa. Kisha maneno yanaanza kuburuta, anakuwa mkali bila sababu au ananyamaza, na anang'ang'ania kuendelea na safari. Kutetemeka kukikoma ilhali bado yuko kwenye baridi na amechanganyikiwa, msidhani amepata nafuu. Hapo mwili umeshindwa kujipasha, naye anatakiwa kufikishwa kituo cha afya haraka.

Mkiona dalili za mwanzo, simameni hapo hapo. Mtoeni kwenye upepo, mvueni kila kilicholowa, mvikeni nguo kavu, mfunikeni kichwa, mkalishe juu ya kitu kinachomtenganisha na ardhi, na kama yuko timamu na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Pombe ya aina yoyote msimpe, hata kama mwenyeji mwema ataileta kwa nia njema, kwa sababu pombe hufungua mishipa ya ngozini, mtu akajisikia joto usoni huku joto la ndani likizidi kutoka.

La pili ni jiko la mkaa, na hili nalisema kwa uzito wote. Mtakapolala huku, mnaweza kuletewa jiko chumbani ili mpate joto. Lipokeeni kwa shukrani, lioteeni mlango ukiwa wazi, na kabla ya kulala litolewe nje kabisa. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu husinzia na haamki. Kila kipupwe huwa tunatoa elimu hii vijijini, na bado inahitajika. Ombeni blanketi la tatu badala ya jiko.

Kuhusu kimo chenyewe, kwa watu wanaoishi Iringa sina hofu kubwa. Hewa ya Kitulo ina shinikizo pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani, kwa hiyo mtahema zaidi na huenda kichwa kikauma kidogo, lakini mkilala Matamba usiku mmoja kabla ya kwenda juu zaidi, mwili utapata nafasi ya kuzoea. Maji ya vijito msiyanywe bila kuyachemsha, kwani uwandani kuna mifugo. Yatachemka mapema, karibu nyuzi 91, kwa hiyo yaacheni yatokote kwa dakika tatu.

Mama_Viazi_Isyonje amejibu:

Mwanangu mwalimu, barabara ya kutoka Kikondo kuja Isyonje ina malori ya viazi, nayo huteremka yakiwa yamejaa. Dereva wa lori lililojaa viazi hawezi kusimama ghafla kwenye udongo. Mkisikia mngurumo, shukeni na msimame kando upande wa mlima, msisimame upande wa korongo. Vaeni nguo za rangi kali, njano au chungwa, na taa ziwake hata mchana, kwa sababu ukungu wa hapa unaweza kukufichia lori lililo hatua thelathini mbele yako. Mkifika Isyonje salama, viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa havikosekani.

Mwalimu_Ipogolo amejibu:

Nawashukuru sana wote, na mama, shikamoo. Majibu haya yamenifanya nitazame upya ramani. Kwa kuwa sisi tunatoka Iringa, basi letu litapita Makambako, Igawa na Chimala kabla halijafika Mbeya. Je, isingekuwa busara kushukia Chimala, kupanda zile kona badala ya kuziteremka, kulala Matamba, na siku ya pili kuvuka uwanda kuelekea Kikondo, Isyonje na Uyole? Ninachohofia ni kwamba Chimala iko chini sana, na mpando utakuwa mkubwa zaidi kuliko wa upande wa Uyole.

Mpanda_Uporoto amejibu:

Mwalimu, ndivyo ningefanya mimi, na wala nisingesita.

Ni kweli kwamba mpando utakuwa mkubwa zaidi. Chimala iko kwenye kimo cha meta 1,100 hivi, kwa hiyo mpaka uwandani mnapanda takriban meta 1,500, wakati kutoka Uyole mngepanda chini ya meta 1,000. Lakini tazama unachopata kwa jasho hilo la ziada. Kwanza, kona hamsini na saba mtazipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, breki zikiwa hazina kazi, na mkichoka mtazisukuma baiskeli bila aibu yoyote. Pili, sehemu kubwa ya mpando mtaifanya kwenye joto la bondeni, na usiku wa kwanza mtalala Matamba, katikati ya kimo, kama alivyoshauri muuguzi. Tatu, siku ya pili mnaanza asubuhi mkiwa tayari juu, na uwanda mtauvuka saa zile ambazo jua lina nguvu. Upepo wa kusi miezi hii kwa kawaida hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo mkielekea magharibi utakuwa ubavuni mwenu, upande wa kushoto, nao hautawapiga usoni. Na nne, mteremko mrefu wa mwisho, kutoka Isyonje, ambako barabara ya lami iko juu kidogo ya meta 2,200, hadi Uyole, una uso laini ambao breki zenu zitaumudu.

Hatari ya upande huo ni malori yanayokwenda na kutoka mpakani Kasumulu, hivyo pale Isyonje msijirushe tu barabarani. Ingieni kwanza kwa mama, mkae ndani, mbadilishe jezi, mle viazi, mvae glavu na koti, ndipo mteremke. Mkikuta ukungu ni mzito kiasi cha kutoona nguzo ya umeme ya tatu kutoka mlipo, pakieni baiskeli kwenye kosta hadi Uyole. Vilevile msifikirie kabisa kurudi kwa baiskeli kupitia Mlima Nyoka na Inyala kwenye barabara kuu, kwani malori ya pale yameua watu wengi. Kutoka Mbeya pandeni basi moja kwa moja, baiskeli zilazwe kwenye buti baada ya kufungua gurudumu la mbele na kugeuza usukani, na mnyororo uzungushiwe kitambaa usichafue mizigo ya wenzenu.

Pale Chimala, anzeni kupanda mara tu kunapopambazuka, kwani ikifika saa nne jua la bonde la Usangu huwa kali, nanyi mtakuwa mmelowa jasho kabla ya kufika nusu. Mkifika Matamba, pitieni ofisi ya Hifadhi ya Kitulo siku hiyo hiyo mjue utaratibu na ada, kwa sababu hifadhi ile iko chini ya TANAPA tangu ilipotangazwa mwaka 2005, na si busara kuingia kimyakimya. Hapo hapo nunueni chakula cha siku nzima: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga na sukari guru kama ipo. Kati ya Matamba na Kikondo msitegemee duka. Chupa ya chai ni mzigo wenye thamani kuliko kamera.

Asubuhi ya siku ya pili msiondoke kabla ya saa mbili. Acheni sakitu iyeyuke na jua lipande. Ikiwa saa nne imefika na ukungu bado umelala juu ya uwanda, au mvua ya rasharasha imeanza, bakini Matamba siku hiyo. Ongezeni siku moja ya akiba kwenye ratiba yenu sasa hivi, kabla hamjakata tiketi ya kurudi, ili uamuzi huo usiwe mgumu.

Mwalimu_Ipogolo amejibu:

Imekuwa hivyo: Chimala, Matamba, Kitulo, Kikondo, Isyonje, Uyole, pamoja na siku ya akiba. Jumamosi baiskeli zinaingia kwa fundi kubadilishiwa raba, waya na friwili. Jezi tunazo za timu ya walimu, ni poliesta. Glavu ndizo tunazoendelea kuzitafuta, kwa sababu zinazouzwa hapa mjini ni za sufu nyepesi zinazopitisha upepo.

Fundi_Mwanjelwa amejibu:

Chukueni hizo hizo za sufu, na juu yake mvae glavu za mpira za kuoshea vyombo, saizi kubwa kuliko mikono yenu. Upepo haupiti na maji hayapiti, na vidole bado vinaweza kuvuta breki. Zijaribuni kwanza mkiwa mmekaa kwenye baiskeli: ikiwa kidole kinachelewa kuachia mkono wa breki, glavu hiyo ni ndogo, tafuteni kubwa zaidi. Mkiwa mnapanda zivueni, kwa maana jasho litajaa ndani.